Kati ya Mihuri Miwili: Uchambuzi wa Kisa cha Wasafiri Wawili Waliotenganishwa Mpakani

Kisa hiki kinahusu marafiki wawili waliokuwa wakizunguka nchi kwa nchi na mabegi ya mgongoni. Walivuka mpaka kwa basi, na mmoja akakwama baada ya kugongewa muhuri wa kutoka upande mmoja, huku upande wa pili ukimkatalia kuingia. Majina yao, uraia wao, kampuni ya basi na nchi zote mbili vimeondolewa. Tutawaita A na B, na nchi tutaziita nchi ya kutoka na nchi ya kuingia. Saa zote ni za nchi ya kutoka, isipokuwa pale itakaposemwa vingine. Msomaji aishike tofauti ya saa iliyopo kati ya nchi hizi mbili, kwa maana ilichangia sana katika yaliyotokea.

Wasafiri, njia na nyaraka

Safari ilikuwa ya kilomita 520 hadi mpakani, kisha kilomita 300 hivi hadi mji waliokusudia. Muuza tiketi aliwaambia kuwa basi ni la moja kwa moja na litafika mpakani saa 9 alasiri. Ukweli ni kwamba basi la kwanza liliishia mpakani. Abiria huvuka kwa miguu, mizigo huhamishiwa basi jingine upande wa pili, na safari inaendelea na dereva mwingine. Njia nyingi za mipakani huendeshwa hivyo na hakuna ubaya wowote, ila abiria asiyejua hupanga mambo yake kana kwamba gari ni moja na kiti chake kinamngoja.

Kila mmoja alikuwa na begi kubwa la kilo 14 hivi lililowekwa kwenye buti na kupewa lebo yenye namba, pamoja na mfuko mdogo wa kukaa nao kitini. Wote wawili walikuwa wameomba viza ya nchi ya kuingia kwa mtandao na kukubaliwa siku 11 kabla ya safari. Viza hiyo iliruhusu kuingia mara moja tu. Walikuwa pia na kadi za njano za chanjo ya homa ya manjano, ambazo nchi ya kuingia inazidai kwa anayetoka nchi yenye hatari ya ugonjwa huo. Kadi hizo hazikuwa na tatizo. Kwa kanuni za Shirika la Afya Duniani, cheti huanza kutumika siku 10 baada ya chanjo, na tangu tarehe 11 Julai 2016 kinadumu maisha yote ya mwenye nacho.

Katika nchi ya kutoka walikuwa wamepewa kibali cha kukaa siku 30. Waliingia tarehe 3 saa 5:40 usiku, katika mwezi wenye siku 30, na wakajihesabia kuwa kibali kinakwisha tarehe 3 ya mwezi uliofuata. Safari waliiweka tarehe 1. Waliamini wana siku mbili za akiba baada ya hapo, jambo ambalo halikuwa kweli, kama litakavyoelezwa mbele.

Dola za Marekani walizobeba kwa dharura hawakuzigawa sawa. A alikuwa na noti mpya kwenye mkanda wa kiunoni, na B alikuwa na noti tatu za toleo la 1996.

Yaliyotokea siku ya kwanza

Basi lilipaswa kuondoka saa 12:00 asubuhi, likaondoka saa 1:10. Njiani tairi moja la nyuma lilipasuka, na kulibadilisha kukachukua dakika 25. Walifika mpakani saa 10:35 jioni, yaani dakika 95 nyuma ya ratiba.

Ofisi ya uhamiaji ya nchi ya kutoka hufungwa saa 12 jioni, na ya nchi ya kuingia hali kadhalika hufungwa saa 12 jioni. Lakini saa ya nchi ya kuingia iko mbele kwa saa nzima, kwa hiyo saa 12 yao ni saa 11 ya upande wa kutoka. Basi lilipoegeshwa zilikuwa zimebaki dakika 25 tu. Kondakta alilijua hilo na akawahimiza abiria washuke haraka, bila kueleza sababu. A na B walidhani anawahi giza.

Abiria walikuwa 52 na madirisha ya kugonga muhuri wa kutoka mawili. Ukimpa kila abiria dakika moja na nusu, foleni nzima inahitaji dakika 39. Hapo ndipo alipojitokeza kijana mwenye kitambulisho cha plastiki shingoni, akajiita wakala, akasema atawapitishia pasipoti "dirisha la nyuma" kwa malipo madogo. A alikwisha kunyoosha mkono. B akamzuia, wakabaki kwenye foleni.

Waligongewa muhuri wa kutoka saa 10:58. Kutoka ofisi moja hadi nyingine ni mwendo wa mita 600, wakafika saa 11:07. Maafisa wa nchi ya kuingia walikuwa bado kazini, kwa kuwa majina ya abiria wa basi hilo yalikuwa kwenye orodha waliyokwisha kuipokea na walikubali kuwamaliza wote. Dirisha la malipo, panaponunuliwa viza, hata hivyo lilifungwa saa 11:00 kamili na mhasibu alikuwa anafunga hesabu.

Kwenye meza ya afya waliombwa kadi za njano. Ya A ilikuwa mfukoni. Ya B ilikuwa ndani ya begi kubwa, pamoja na karatasi ya viza, na begi lilikuwa kwenye buti ya basi lililosimama kwa ukaguzi wa forodha. B alirudi kulifuata begi, akatumia dakika 12. A hakumngoja. Alisonga dirishani na kugongewa muhuri wa kuingia saa 11:14.

B alifika dirishani saa 11:26. Afisa aliiweka pasipoti kwenye kisomeo, mfumo ukasema hakuna viza yenye namba hiyo. Afisa akaishika karatasi ya viza na kuilinganisha na pasipoti kwa macho, mara mbili, kisha akaonyesha kwa kidole herufi ya tatu. Kwenye pasipoti palikuwa na sifuri. Kwenye viza palikuwa na herufi O.

Dakika thelathini za maamuzi

Hali ilikuwa hivi. A yuko ndani ya nchi ya kuingia, viza yake ya mara moja imekwisha kutumika, hawezi kurudi nyuma bila kuipoteza. B amekwisha kutolewa nchi ya kwanza na hajapokelewa na ya pili. Basi la pili litaondoka mara abiria wa mwisho atakapopita, makadirio saa 11:45. Ofisi ya kutoka itafungwa saa 12:00.

Afisa alieleza, na alieleza vizuri, kwamba hamkatalii B kwa kosa lolote. Viza iliyopo ni ya pasipoti isiyokuwepo, na yeye hana mamlaka ya kuirekebisha. Mamlaka ya viza hujibu maombi ya marekebisho siku za kazi tu, na kesho yake ilikuwa Jumamosi.

B hakubishana. Aliuliza maswali matatu kwa mpangilio: "Kabla sijaondoka naomba kuuliza. Mwenye pasipoti kama yangu anaweza kununua viza hapa hapa dirishani? Dirisha linafunguliwa saa ngapi, kwa saa ya huku? Na mnapokea fedha gani?" Majibu yakawa kwamba inawezekana, dirisha hufunguliwa saa 2 asubuhi kwa saa ya huku, na hupokewa dola taslimu za toleo la 2009 kuendelea, zisizochanika wala kuandikwa. Kisha akaomba jambo la nne, ambalo wengi hawalifikirii: afisa aandike kwenye nakala ya viza kwamba namba hailingani, aweke tarehe na sahihi. Afisa aliandika mstari mmoja.

Uamuzi wa pili ulihusu mizigo. Walikuwa na njia mbili: kuacha mabegi yaende na basi hadi mwisho wa safari na kuyachukua ofisi ya kampuni, au kuyashusha. A alikwenda kwenye basi na lebo zote mbili na kuyashusha yote. Sababu ilikuwa kwamba hakuna aliyejua B atavuka lini, na mzigo usio na mwenyewe kwenye kituo cha mwisho hulindwa na bahati tu. Begi la B lilipita forodha mikononi mwa A, naye alitamka mwenyewe kabla hajaulizwa kwamba ni la mwenzake aliyekwama pale ukumbini, akalifungua mbele ya mkaguzi. B alichomoa humo nguo moja, dawa zake na chaja.

Uamuzi wa tatu ulikuwa wa B: kubaki ukumbini hadi asubuhi au kurudi. Kubaki kungemwepusha na kugonga muhuri tena, lakini jengo halikuwa na pa kulala na maafisa walikuwa wanafunga. Saa 11:34 aliondoka, akafika ofisi ya kutoka saa 11:43 na karatasi yenye maandishi ya afisa mkononi. Afisa wa huko aliusoma mstari ule, akaufuta muhuri wa kutoka kwa kugonga juu yake muhuri wa kubatilisha, akaandika tarehe, akatia sahihi, na akarekebisha kwenye kompyuta. B aliomba ahakikishiwe kwamba kompyuta nayo imebadilishwa, kwani karatasi ikisema uko ndani na mfumo ukisema umetoka, utakaposimama dirishani tena utaonekana mtu aliyeingia kinyemela.

Hapo ndipo afisa alipomwambia kwamba kesho ni siku yake ya 30, ya mwisho.

Usiku na asubuhi ya pili

Laiti B asingeambiwa, mpango wake ulikuwa kupanda basi la usiku kurudi mji mkuu, kilomita 520, kwenda ubalozini Jumatatu. Angefika akiwa na siku moja mkononi na kulala siku mbili nje ya kibali. Alipojua hesabu, njia ikabaki moja: viza ya dirishani, asubuhi hiyo hiyo.

Walilala kila mmoja upande wake, umbali usiofika kilomita mbili. Simu zao zilikuwa bado zinanasa mtandao wa nchi ya kutoka pande zote mbili, kwa hiyo waliandikiana bila gharama ya ziada. Walikubaliana kwamba kila ujumbe wenye saa utaje "saa ya kwako" au "saa ya kwangu". Tahadhari hiyo haikuwa ya bure. Karibu na mpaka simu hurukia mnara wa ng'ambo na kujibadilishia saa yenyewe, na kweli usiku ule simu ya B ilisogea mbele saa nzima kisha ikarudi.

Asubuhi dirisha la malipo lilipofunguliwa, A alikuwa wa kwanza kusimama pale. Aliomba ruhusa ya kuingia ukumbini kutoka upande wa ndani, akaonyesha nakala ya pasipoti ya B, akauliza kama viza itatolewa. Baada ya dakika 20 alituma ujumbe: wamekubali, njoo. Ni baada ya ujumbe huo tu ndipo B alipogongewa muhuri wa kutoka kwa mara ya pili, saa 1:45. Saa 1:56 alikuwa ukumbini. A alimpa afisa dola, afisa akampa B, B akalipa na kupokea risiti. Kabla hajaondoka dirishani, B aliisoma viza mpya herufi kwa herufi: jina, namba, tarehe ya mwisho, idadi ya kuingia. Saa 2:30, ambayo upande ule ni saa 3:30, walikuwa pamoja nje ya geti.

Matokeo

B aliondoka nchi ya kwanza siku ya 30 ya kibali, bila faini na bila doa kwenye rekodi. Alilipa ada ya viza mara mbili, kwa maana ile ya mtandao hairudishwi hata kama kosa ni la herufi moja. Tiketi za kilomita 300 zilizobaki zilipotea, na wakalipa upya gari dogo na basi jingine. Walifika saa 21 baada ya muda uliotarajiwa. Hawakupoteza mzigo wala pasipoti.

Uchambuzi: herufi O na sifuri

Kosa lenyewe lilifanyika siku zaidi ya 11 kabla, kwenye meza, mbele ya fomu ya mtandao. B aliandika namba akiitazama pale ilipochapwa juu ya ukurasa wa picha, kwa maandishi ya mapambo ambayo O na 0 hufanana. Barua ya kukubaliwa ilipokuja alitazama jina na picha, akaridhika.

Pasipoti ina mahali pazuri zaidi pa kunakili. Chini ya ukurasa wa picha kuna mistari miwili ya herufi 44 kila mmoja, inayosomwa na mashine, iliyowekwa kwa viwango vya ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga. Herufi tisa za mwanzo za mstari wa pili ndizo namba ya pasipoti. Ya kumi si sehemu ya namba. Ni tarakimu ya ukaguzi. Wengi huibandika mwishoni mwa namba kwa kutojua, na hilo nalo hukwamisha watu mipakani.

Tarakimu hiyo inaweza kumaliza ubishi wa O na 0 ukiwa na kalamu tu. Kila tarakimu ina thamani yake, na kila herufi ina thamani kuanzia A = 10 hadi Z = 35, kwa hiyo O = 24. Zidisha ya kwanza kwa 7, ya pili kwa 3, ya tatu kwa 1, kisha rudia 7, 3, 1 hadi ya tisa. Jumlisha, gawanya kwa 10, na baki ndiyo tarakimu ya ukaguzi. Namba ikipungua tisa, nafasi zilizojazwa alama ya < zihesabu kama sifuri. Tuchukue namba ya kubuni K40718253: jumla ni 244, tarakimu ya ukaguzi ni 4. Ukiweka O mahali pa sifuri jumla inakuwa 268, na tarakimu ni 8. O na 0 hazitoi jibu moja hata siku moja, nafasi yoyote zitakapokuwa. Kisomeo cha mpakani hufanya hesabu hii kila pasipoti inapowekwa juu yake. Fomu nyingi za mtandao hazikuombi tarakimu hiyo, kwa hiyo hazina jinsi ya kukushtua, na kosa hulala kimya mpaka utakaposimama mbele ya afisa.

Kuilinganisha barua ya viza na mistari ile miwili ni kazi ya dakika tatu. Ingefanywa siku barua ilipofika, zilikuwapo siku 11 za kuomba upya.

Hesabu ya siku

Siku 30 si mwezi mmoja, na siku ya kuingia mara nyingi huhesabiwa kuwa ya kwanza hata kama ulivuka dakika 20 kabla ya usiku wa manane. Walioingia tarehe 3 saa 5:40 usiku walikwisha kula siku nzima kwa dakika hizo 20. Katika mwezi wa siku 30, tarehe 30 ilikuwa siku ya 28, tarehe 1 siku ya 29, na tarehe 2 siku ya 30. Hesabu kwa vidole kuanzia tarehe iliyomo ndani ya muhuri, na uhesabu tarehe hiyo yenyewe.

Kupanga safari ya basi siku ya 29 kati ya 30 ni kubana mno, hata bila kosa la viza. Basi la kilomita 520 kuchelewa saa moja na nusu ni jambo la kila wiki. Kwa safari ya nchi kavu inayochukua siku nzima, tunashauri siku tatu za akiba, moja kwa ajili ya basi, moja kwa ajili ya ofisi na moja ya sikukuu ambayo hukujua ipo.

Ofisi mbili, saa mbili

Tofauti ya saa iliwaumiza na kuwaokoa siku ile ile. Iliwaumiza kwa kulifunga dirisha la malipo saa 11 badala ya 12. Ilimwokoa B kwa kuiacha ofisi ya kutoka wazi wakati ya kuingia imefungwa. Mpaka ungekuwa na mwelekeo wa kinyume, yaani wanavuka kwenda kwenye saa iliyo nyuma, na B akakataliwa wakati ofisi ya kuingia inafungwa, angerudi na kukuta mlango wa nyuma umefungwa zamani.

Kwa hiyo kabla ya kununua tiketi, tafuta saa nne na si moja: ya kufungwa kwa ofisi ya kutoka, ya kufungwa kwa ofisi ya kuingia, ya kufungwa kwa dirisha la malipo, na ya basi kufika ikiwa limechelewa saa mbili. Zote ziandikwe kwa saa ya nchi moja. Basi ambalo kwa ratiba linafika mpakani saa 9 halifai kwa mpaka ambao dirisha lake hufungwa saa 11. Hapa lilikuwapo basi la usiku la njia hiyo hiyo linalofika alfajiri. Lina adha zake, lakini linakufikisha mpakani ukiwa na siku nzima ya kazi mbele yako.

Mfuko mdogo

Kadi ya njano na karatasi ya viza kukaa kwenye begi la buti ni kosa ambalo tunaliona mara nyingi, na chanzo chake ni kuamini kwamba basi litakuwa karibu. Mpakani basi hupita njia yake na wewe yako. Mfuko usiokutoka mwilini unapaswa kuwa na pasipoti, viza iliyochapishwa nakala mbili, kadi ya chanjo, anwani ya mahali pa kulala, picha ndogo mbili, kalamu, dawa za siku mbili zikiwa kwenye pakiti zake, maji lita moja, nguo ya baridi na fedha.

Kuhusu fedha, kosa lilikuwa kuzigawa vibaya: noti zinazopokelewa zote kwa mmoja, zisizopokelewa zote kwa mwingine. Marekani yenyewe haijabatilisha noti zake za zamani, lakini ofisi na maduka ya kubadilishia fedha ya nchi nyingi hukataa matoleo ya nyuma kwa hofu ya noti bandia. Mwaka wa toleo umechapwa kwenye noti, usome kabla hujaipokea. Wasafiri wawili wanapaswa kugawana kiasi na pia ubora, ili kila mmoja aweze kulipa viza yake akiwa peke yake.

Nani atangulie dirishani

A kupita peke yake wakati B anafuata kadi ndilo kosa lililowatenganisha. Mnaosafiri pamoja, atangulie mwenye nyaraka zenye shaka zaidi, na mwingine asitoe pasipoti yake mpaka wa kwanza amegongewa. Yakiharibika, mnarudi wawili.

Hapa pana jambo la kupima kwa haki. A kuwa ndani ndiko kulikowezesha kuuliza dirishani kabla B hajagongewa muhuri wa kutoka mara ya pili, na noti za A ndizo zilizolipa. Mtu anaweza kusema kutengana kuliwasaidia. Hatukubaliani. Kama wangerudi pamoja, noti mpya zingekuwa upande wa B tangu usiku, na swali kuu la dirishani B alikuwa amekwisha kujibiwa na afisa. Kuwepo kwa A kulipunguza wasiwasi wa asubuhi, lakini gharama yake ilikuwa usiku ambao kila mmoja alikuwa peke yake mahali asipopafahamu.

Kilichofanya kazi

Kumkatalia kishoka, yule kijana aliyejiita wakala, kulikuwa sahihi. Pasipoti ikitoka mkononi mwako kwenda kwa mtu asiye afisa, umempa uwezo wa kutaja bei yoyote ya kuirudisha. Tofautisha hilo na kondakta anayekusanya pasipoti za basi zima kwa ajili ya orodha. Hilo hufanyika kwenye njia nyingi, nawe unaweza kushuka na kumfuata hadi dirishani.

Kuuliza kwa mpangilio kulimpa B mpango kamili ndani ya dakika tano. Afisa anayeulizwa "nifanye nini sasa?" hujibu kwa ujumla; anayeulizwa saa, fedha na aina ya noti hujibu kwa saa, fedha na aina ya noti. Mstari mmoja wa maandishi na sahihi ndio uliomfanya afisa wa upande wa pili afute muhuri bila mahojiano marefu.

La thamani kuliko yote ni kusubiri ujumbe wa A kabla ya kugonga muhuri tena. Muhuri wa kutoka hukuondolea haki ya kukaa, na haki ya kuingia hupati mpaka mita 600 mbele. Siku ya kwanza waliuingia mwanya huo wakikimbia. Siku ya pili B aliuingia akiwa na jibu tayari.

Kama ofisi ya kutoka ingekuwa imefungwa

Hili karibu litokee. B alikuwa na dakika 17 tu. Ukikuta milango yote miwili imefungwa, rudi kwenye ofisi ya nchi iliyokukatalia, si kwenye barabara iliyo kati. Mwambie mlinzi au afisa wa zamu jina lako na kwamba unasubiri asubuhi, omba kukaa penye taa na paa. Usikubali usafiri wa anayesema anajua njia ya kuzunguka geti, hata kama ni mwendo wa dakika tano, kwa kuwa kuvuka nje ya kituo ni kosa la jinai ambalo halikuwepo ulipokuwa umekaa ukumbini. Zima data ya simu ili betri ifike asubuhi, mtumie mwenzako picha ya muhuri wako wa kutoka na ya karatasi ya afisa, na ofisi ikifunguliwa uwe wa kwanza kwenye dirisha la upande wa kutoka.